Nacheza PUBG peke yangu hapa Wete, ranki inapanda lakini raha sina

Mnyonge wa Wete:
Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba ushauri. Wale wa "futa gemu ukafanye kazi" nakuombeni mpite tu, kazi ninayo.

Tulikuwa wanne. Tangu tupo skuli, baada ya isha tunakaa baraza ya jirani mwenye waifai, tunacheza PUBG Mobile, lile gemu la simu la kupigana bunduki mpaka abaki wa mwisho, skwadi moja. Sasa mmoja yuko Muscat, mmoja yuko chuo Dar es Salaam, wa tatu kaoa, huyo tumwache. Nimebaki mimi na simu.

Nacheza solo. Watu 100 ndani ya ramani ya Erangel, kilomita 8 kwa 8. Nashuka pembeni, naokota bunduki, halafu dakika 20 nakimbia majanini nafukuzwa na duara linalozidi kubana, sijaona mtu. Nikimwona, basi yeye kashaniona zamani. Na solo huangushwi ukaja kunyanyuliwa na mwenzako, ukipigwa ndio umekwisha, unarudi lobi. Juzi nimeshika namba moja, nikageuza shingo kutafuta wa kumwambia. Mama alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia. Akaniuliza, "Wamekupa nini?"

Nikiingia skwadi ya wasiojuana, mmoja anasema Kiarabu cha haraka, kwa mwengine nasikia mtoto analia, wa tatu katoka hata hatujatua. Niendelee au niache?

Bint Mtambile:
Pole kaka, ila Erangel umejipeleka mwenyewe. Cheza Livik, ramani ndogo: watu 52, dakika 15 mambo yamekwisha. Au TDM, timu kwa timu, wanne kwa wanne, ya mwanzo kuua 40 imeshinda, na ukifa unafufuka papo hapo. Hiyo nafasi ya kuboeka utaipata wapi?

Mnyonge wa Wete:
Livik nimeicheza dada yangu. Urefu wa mechi haunisumbui. Kimya ndicho kinachonisumbua.

Mzee wa Dhumna:
Mwanangu, hizo bunduki zenu mie sizijui, lakini uliposema wanne nikakufahamu. Dhumna nayo ni wanne, wawili kwa wawili. Alipofariki mwenzangu wa meza nilikaa miezi siendi barazani. Wakinambia njoo, cheza na fulani. Huyo fulani anahesabu kete kuliko marehemu, wallahi, lakini hanitukani. Nikibwaga kete mbovu ananyamaza tu, kama tupo msibani.

Yakhe wa Darajani:
Hahaha, mzee kamaliza. Yakhe, huyo wa Muscat umemuuliza lakini? Wao wametupita saa moja tu, na Ijumaa na Jumamosi ndio mapumziko yao. Skwadi haijatimia, sawa, ila kuna mechi za wawiliwawili.

Mnyonge wa Wete:
Sijamuuliza. Nilidhani kazi zimemzidi, nikaona haya kumsumbua kwa gemu.

Chizi wa Kengeja:
Na yule aliyeoa muulizeni mkewe kama anajua kulenga. Mtapata watatu na wanne kwa mpigo.

Bint Mtambile:
Chizi wee! Wanawake tunalenga kuliko nyinyi.

Mnyonge wa Wete:
Nimerudi. Nilimwandikia wa Muscat jana usiku: "Bado unacheza au ushazeeka?" Kajibu kwa sauti, sekunde nne, matusi matupu. Ijumaa saa tatu usiku tunaingia. Bint Mtambile, siti mbili ziko wazi.