Rangi ya kwanza ya duka la zamani Jinja, Uganda: tunaipataje?

FundiKiira: Wakuu, tunakarabati duka la ghorofa Main Street, Jinja. Juu ukutani pameandikwa 1936. Nje kuna rangi ya maji ya kisasa, chini yake chokaa tabaka kwa tabaka. Nimekwangua mahali pamoja ikatokea buluu, na mwenye jengo anataka tuipake kote. Tuipake?

Hadubini: Usipake bado, ndugu. Buluu hiyo inaweza kuwa ya 1936 au ya 1970. Chukua vipande pale mvua na mikono isipofika: chini ya nakshi za plasta, nyuma ya bawaba, pembe ya juu ya mwimo. Ukuta, nakshi na mbao kila kimoja kina historia yake. Kata kigamba cha milimita 3 hadi 5 kwa wembe wa upasuaji, kitoke na plasta yake, la sivyo hutajua kama umefika tabaka la kwanza. Kitie kwenye bahasha yenye namba, upige picha mahali ulipokitoa.

Kigandishe kwenye resini ya polyesta, sugua kwa msasa wa maji namba 400, 800 hadi 1200, kisha tazama tabaka zake kwa ubavu kwa hadubini. Tafuta mstari mwembamba wa uchafu kati ya tabaka. Ukiwepo, tabaka la chini yake liliwahi kukaa wazi kwa muda. Usipokuwepo, huenda hiyo ni praima tu, yaani rangi ya kuandalia iliyopakwa chini ya rangi yenyewe. Wengi hukosea hapo: wanapaka jengo zima rangi ya praima!

Chokaa256: Naongeza vipimo vya tone: dondoshea tabaka tone dogo uone linavyofanya. Anza na maji: rangi ya gundi (chaki iliyoshikwa kwa gundi) hulainika. Siki ije baadaye, kwa sababu rangi ya gundi ina chaki na hutoa povu kama chokaa. Kuhusu buluu, ile ya Prussia huharibiwa na chokaa ikageuka kahawia, ilhali ultramarini, buluu ya kufulia, hustahimili. Kama buluu yako imo ndani ya chokaa yenyewe na bado inang'aa, elekea ultramarini.

MbaoNaRangi: Milango na madirisha ya miaka hiyo, chukulia rangi ya mafuta ina risasi, madini yenye sumu. Msasa uwe wa maji, usichome kwa moto, na watoto wasikaribie. Rangi ya mafuta iliyofunikwa miaka mingi huwa ya manjano, kwa hiyo iache kwenye mwanga wa jua wiki kadhaa kabla ya kulinganisha na kadi za rangi, tena mchana, si chini ya taa.

Na ukutani rudisha chokaa. Rangi ya plastiki, kama hiyo ya maji ya kisasa, hufungia unyevu, plasta ikabanduka pamoja na nakshi.