Redio imenyamaza baada ya kifaa cha televisheni kutolewa: je, waya hizi za mwanga zinaungika?

Msafiri wa Mbarara
Ndugu zangu mafundi, naomba ushauri wenu. Nina gari la Kijerumani la mwaka 2008 ambalo lilitumika kwanza Japani kabla ya kuletwa Uganda. Nyuma, ndani ya buti, kulikuwa na kisanduku cha kupokelea televisheni ya Kijapani, na kwa kuwa hapa kwetu hakipati stesheni hata moja, fundi mmoja mjini Kampala alinishauri kitolewe ili nafasi ile itumike kwa spika. Alikitoa, akaiacha soketi yake ikining'inia, na tangu saa ile redio, sidii, simu na ramani vyote vimekufa, ingawa skrini inawaka. Ndani ya soketi hiyo naona waya mbili nyembamba za plastiki, na mojawapo inatoa mwanga mwekundu ninapowasha gari. Fundi anataka azikate, azikutanishe ncha kwa ncha, kisha azifunge kwa utepe wa umeme. Je, nimruhusu? Na kwa nini kifaa nisichokitumia kiue vile ninavyovitumia?

Fundi wa Ndeeba
Msafiri, usimruhusu kukata chochote. Gari lako kwa dalili hizo linatumia mtandao uitwao MOST, ambao ulibuniwa mahususi kwa ajili ya muziki, picha na simu ndani ya magari. Ushirika wa kuuendeleza uliundwa mwaka 1998, na BMW ikawa ya kwanza kuuweka barabarani mwaka 2001 katika gari lake la 7 Series. Vifaa vyake havikuunganishwa kama matawi ya mti, bali vimeshikana mikono kama watoto wanaocheza kwa kuzunguka: redio humpa mwanga jirani yake, jirani huupokea, huugeuza kuwa umeme, husoma linalomhusu, kisha huuwasha upya na kumpa anayefuata, mpaka mwanga urudi kwenye redio ulikoanzia. Mmoja akiachia mkono, mchezo umekwisha kwa wote. Kwa hiyo kisanduku chako hakikuwa na faida kwako, lakini kilikuwa kikipokeza muziki wa wenzake.

Kuhusu utepe: waya ya shaba husamehe, hii haisamehe. Ncha ikikatwa kwa koleo huchanika, na mwanga hutawanyika badala ya kupita. Hata mafuta ya kidole au vumbi la barabarani huupunguza. Vilevile waya hii isikunjwe kwa kona kali. Mkunjo wake usiwe na nusu kipenyo chini ya milimita 25. Dawa yake ni kipande kifupi cha kurudishia mwanga, mfano wa herufi U, kinachovalishwa kwenye ile soketi iliyoachwa wazi, ili mwanga unaoingia utoke mara moja kuelekea kifaa kinachofuata. Baada ya hapo kompyuta ya kupimia magari itumike kulieleza gari kwamba kifaa cha televisheni hakipo tena, la sivyo linaweza kuendelea kukitafuta.

Simlaumu sana mwenzangu, maana wengi wetu tulijifunzia kazi kwenye Toyota. Huko mtandao wa AVC-LAN ulitumia waya mbili za umeme zilizobeba amri tu, huku sauti yenyewe ikipita kwenye waya zake. Ukitoa kifaa kimoja, vingine huendelea kuongea. Mkono uliozoea hivyo hukosea kwa urahisi.

Mkazi wa Kawempe
Mnajisumbua bure. Toa mitambo yote hiyo, weka skrini kubwa ya Android, maisha yaendelee.

Fundi wa Ndeeba
Ndugu, katika magari mengi ya namna hiyo amplifaya nayo imo ndani ya duara, na hupokea sauti kwa mwanga peke yake. Skrini mpya isiyoujua mtandao huo itawaka vizuri, lakini spika zitabaki kimya, isipokuwa ununue kifaa cha kutafsiri au upitishe waya upya gari zima.

Mhandisi wa Jinja
Naongeza jambo moja, kwa sababu mara nyingi huulizwa kwa nini watengenezaji hawakutumia CAN, yaani mtandao wa waya za umeme unaounganisha kompyuta ndogo za gari, ambayo kampuni ya Bosch iliitangaza mwaka 1986 na ambayo tayari imo katika magari hayo hayo. Hesabu ni nyepesi. Muziki wa sidii una sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, kwa pande mbili za spika, yaani takribani megabiti 1.4 kwa sekunde. CAN ya asili ukomo wake ni megabiti 1, na humo lazima zipite pia taarifa nyingine. Hata wimbo mmoja haungeweza kupita humo. MOST ya kwanza ilifika takribani megabiti 25, na toleo la mwisho 150.

Hata hivyo, magari mapya yanaihama. Ethaneti ya magari, yaani mtandao wa kompyuta za ofisini uliorekebishwa kwa magari, ambayo kiwango chake cha megabiti 100 kwa jozi moja ya waya za shaba kilipitishwa mwaka 2015, huunganisha kila kifaa kwa waya wake na swichi, yaani kisanduku cha kugawia mawasiliano, hivyo kifaa kimoja kikitolewa, vilivyobaki kwenye swichi hiyo havikatiki. Binafsi naona hilo ndilo lililoiangusha MOST zaidi ya kasi yake, pamoja na ukweli kwamba vipuri vyake vya kielektroniki vilitoka kwa watengenezaji wachache mno.

Msafiri wa Mbarara
Nashukuru sana. Kipande cha herufi U kilipatikana, kikavalishwa bila kukata kitu, na redio ikaamka kabla hatujaifikia kompyuta; baadaye tulikifuta kile kifaa kwenye orodha ya gari. Kilichobaki ni masafa: redio inaanzia 76 na kuishia 90 kama ilivyozoea Japani, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Fundi wa Ndeeba
Hilo halihusiani na duara. Kabla hujanunua kibadilisha masafa, mwambie mwenye kompyuta aangalie kama mpangilio wa nchi katika redio hiyo unabadilishika.