Nani alichonga sura ya Sayyid Hamad kwenye stempu za Zanzibar za 1896?

Swali
Assalaam alaykum. Katika kasha la marehemu babu yangu, hapa Mkunazini, nimekuta stempu ya anna 2 (anna ni sarafu ya zamani ya Kihindi) ya mwaka 1896 yenye sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini, sultani wa Zanzibar, na nikiipapasa kwa ncha ya kidole nahisi wino umeinuka penye mistari ya kilemba. Naomba kujua jina la fundi aliyeichonga.

Jibu
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Wino kuinuka hivyo ni dalili ya bamba lililochongwa, kwani wino hujazwa ndani ya mifereji yake, kisha karatasi ikagandamizwa kwa nguvu. Wachapaji walikuwa De La Rue wa London, na stempu yenyewe haina jina la fundi. Tusimtambue kwa kukisia mtindo, maana mara nyingi sura huchongwa na fundi mmoja na fremu na mwingine. Ushahidi wa kutegemewa ni barua na hesabu za malipo.

Jibu
Stempu za 1895 uziweke kando, kwa kuwa hizo ni za India zilizopigwa chapa ya neno Zanzibar. Mimi ningeanzia Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, kwenye barua za serikali za miaka hiyo.