MREJESHO: Methotrexate dozi ndogo, mwezi wa nne sasa

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu baridi yabisi ya vidole, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo. Niliogopa kuanza methotrexate, dawa niliyoandikiwa, kwa sababu nilisikia ni dawa ya saratani. Mkanieleza kwamba kwenye saratani wanatumia dozi kubwa mno, huku kwetu ni kidogo tu, tena mara moja kwa wiki.

Basi nilianza na miligramu 10, sasa nipo 15: vidonge sita vya 2.5, kila Ijumaa usiku. Jumapili nameza folic acid, vitamini ya kupunguza madhara yake. Wiki sita za mwanzo sikuona kitu, nusura niache. Wiki ya tisa nikajikuta nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nazi nzima, bila kumwita binti anisaidie! Asubuhi bado vidole vinakakamaa, ila nusu saa tu, si mpaka saa nne kama zamani. Jumamosi kichefuchefu kipo, sitawadanganya.

Nusura niponzwe na duka la dawa. Muuzaji aliandika 6x1 kwenye bahasha, yaani kila siku! Dawa hii ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Nilimrudishia, akafuta, akaandika "IJUMAA TU".

Vipimo vya damu na ini naendelea navyo. Na yule dada wa humu anayetafuta ujauzito: usiiguse kabisa methotrexate, inadhuru mimba. Mwambie daktari wako mapema, akupangie nyingine.