Naombeni ushauri: manjano ya maiyan hutoka kabla ya harusi?

Binti wa Ziwani: Habari za jioni wapendwa. Jumamosi naolewa na Kalasinga. Kwao wako Kisumu tangu reli ilipofika 1901. Alhamisi ni maiyan, sherehe yao ya kupakwa manjano kabla ya harusi. Nitapakwa vatna: manjano, unga wa shayiri na mafuta ya haradali. Nitakaa kigodani, wanawake wamenishikia phulkari, shela lao la kutariziwa, juu ya kichwa. Naogopa kubaki njano. Usingizi sipati.

Mpwani: Mwanangu, nasi Mombasa twamsinga bibi harusi kwa singo, na manjano yamo. Sugua likishakauka, latoka na nongo zake. Mie nilisingwa siku saba, hadi leo nikinusa liwa naikumbuka nyumba ya nyanya.

Fundi Stima: Vaa nguo kuukuu, ndiyo desturi yao. Nilifunga taa kwenye harusi yao moja, nikarudi na shati la njano. Mke wangu alinihoji hadi alfajiri.

Mwalimu wa Zamu: Madoa hayamnyimi mtu usingizi. Kwenu wanasemaje?

Binti wa Ziwani: Mama amekubali. Ila baada ya vatna, mjomba wa bibi harusi ndiye humvisha choora, bangili nyekundu na nyeupe zilizolowekwa kwenye maziwa. Mjomba sijamwambia. Nimemwomba jirani asimame badala yake, na bangili keshanunua.

Mzee Kijana: Mjomba hakodishwi! Mlete mezani, mzungumze.

Binti wa Ziwani: Sijamkodi. Jirani ndiye aliyenilipia karo. Mjomba alisema habari za Kalasinga nisimpelekee, nami nimemtii.

Msomaji Kimya: Mimi siamini. Maiyan ya bibi harusi hufanyiwa kwao, na akishapakwa hatoki nje. Kwenu nani anajua kuimba suhag, nyimbo zao za bibi harusi? Uzi huu umetungwa.

Fundi Stima: Hata mimi nilishaanza kushuku.

Binti wa Ziwani: Shangazi yake bwana harusi amejitolea awe upande wangu. Amekuja kwa mama na wenzake, wameimba wao, mama akapiga vigelegele. Leo ni Alhamisi, nimeshapakwa. Mkononi nimefungwa gaana, uzi mwekundu, na huo haukutungwa. Mwalimu, nimempigia mjomba mara mbili, hapokei. Jirani yuko sebuleni. Bangili zimo kwenye maziwa.

Mpwani: Piga mara ya tatu, mwanangu. Simu ashike mama.