Kikundi cha kuacha pombe Malindi: cha mtaani, cha Mombasa au cha kwenye simu?

Kijana_wa_Maweni
Salaam wenzangu. Leo natimiza siku 19 bila kuonja. Nilikuwa mtu wa mangweni, kule wanakouza tembo la mnazi. Nikiamka lazima nizimue ndipo mikono iache kutetemeka. Hospitalini walinivusha zile siku za mwanzo, ila daktari kaniambia dawa peke yake haitoshi, nitafute watu wa kukaa nao.
Niko njia panda. Mombasa kuna mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), ya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Kuna ile ya kwenye simu. Na kuna mzee mmoja hapa mtaani anataka kutukusanya, watu wanne watano. Nauli ya Mombasa kila wiki ni nzito kwangu, mimi nabeba mizigo sokoni. Ya mtaani naiogopa: Malindi hii ukipiga chafya Shela, Barani wanakuambia afya. Nani kapitia haya?

Nahodha_Mzee
Hongera mwanangu, siku 19 si mchezo. Mimi niko mwaka wa saba. Nilianzia Mombasa, kilomita kama 120, na nililipa nauli ile kwa sababu kule sikujulikana na mtu. Hapa nyumbani nisingefungua mdomo. AA haina kiingilio. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Kikapu kinapita: mwenye chochote anatia, asiye nacho anampa wa pembeni. Uliza kwanza kama mkutano ni wa wazi au ni wa wenye tatizo peke yao, maana kwenye ule wa wazi hata mkeo anaingia.
Lakini kiu haikuwa ikinijia siku ya mkutano. Ilinijia siku za katikati, jioni, mgema akiteremka na kibuyu chake. Saa hiyo Mombasa iko mbali sana. Kilichoniokoa ni namba ya simu ya mwenzangu niliyempata kule. Nilimpigia nimesimama njiani, akazungumza nami mpaka nikafika nyumbani.

Binti_Majengo
Mimi ni mume wangu aliyekuwa akinywa. Watu wanasahau kwamba na sisi wa nyumbani tumeumia. Kuna Al-Anon, ni ya jamaa wa walevi, iko tangu 1951. Mimi niliipata kwa simu tu.

Pwani_Shwari
Nimejaribu ya simu miezi minne. Uzuri wake ni kwamba haikosekani. Sisi tukilala, watu wa nchi nyingine wako macho, hata saa tisa ya usiku utapata pa kuingia. Unazima kamera, unaandika jina lolote. Shida yangu ni lugha. Mingi ni ya Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha kuwatembeza watalii. Siwezi kuelezea habari za marehemu mamangu kwa lugha ile. Nilikuwa nasikiliza tu, nikizima simu niko palepale.

Abu_Salma
Samahani, hiyo AA si ya kanisa?

Nahodha_Mzee
Hapana, shekhe wangu. Ilianza Marekani mwaka 1935, Akron, Ohio, kwa Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walikuwa walevi. Hatua zake 12 zinamtaja Mungu, kila mtu kwa anavyomfahamu. Mimi nilikuwa naswali magharibi kisha naingia. Mikutano mingine hufanyika kwenye ukumbi wa kanisa, hilo lisikutishe.

Fundi_Ngala
Nimesoma nimelia. Chupa zote nimetupa. Kesho najifungia ndani nikomeshe mara moja.

Tabibu_Kilifi
Fundi, tafadhali usijifungie. Kama unakunywa kila siku, mwili umezoea. Ukiunyima ghafla, jasho na kutetemeka huanza baada ya saa chache, kifafa kinaweza kukupata ndani ya siku mbili, na kufikia siku ya tatu mtu anaweza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Wapo wanaokufa. Kesho asubuhi nenda hospitali, uwaambie kiasi unachokunywa bila kupunguza hata glasi moja. Usilale peke yako. Ukitaka mtu wa kuzungumza naye usiku huu, piga 1192, ni ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, bure, saa 24. Lakini ukianza kuweweseka au kupata degedege, usingoje simu, upelekwe hospitali saa hiyo hiyo.
Na wewe wa Maweni, ulizia pia Omari Project, kituo cha kusaidia waraibu hapo Malindi. Walianza na vijana wa heroini, na arosto (mateso ya kuacha) ya unga si sawa na ya pombe, ila wanaujua uraibu.

Fundi_Ngala
Ni kila siku, mwaka wa kumi na moja huu. Nitaenda. Kaka yangu atanisindikiza.

Kijana_wa_Maweni
Nimekaa nikafikiri. Mombasa nitakwenda mara moja kwa mwezi, nipate wa kumpigia. Kwa mzee wetu nimekubali, lakini nimeomba tusikutane nyumbani kwa mtu wala njia ya mangwe, na iwe jioni, saa ile ile ya mgema. Amekubali, tuko watano. Jana tulikaa ufukweni mpaka isha. Mmoja hakusema neno, na hakuna aliyemlazimisha.
Fundi, ukitoka hospitali niandikie. Mimi huwa sokoni mpaka saa kumi.