Wakuu naomba ushauri: tunamtoaje mwenzetu kwenye kikoba bila ugomvi?

Kijana wa Igoma: Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza, ni mweka hazina wa kikoba chetu kidogo cha watu 9, tunakutana kila Jumapili huku Nyegezi. Sasa kuna mwenzetu mmoja anatuvutia macho ya watu, majirani wanaulizana, juzi mwenyekiti wa mtaa kamuuliza mama mwenye nyumba eti sisi ni kina nani. Wenzangu wanataka atoke. Tunamwambiaje? Wiki ya pili hii sina usingizi.

Dagaa Mbichi: Ana hisa ngapi? Ana mkopo? Angalieni katiba yenu kwanza.

Sangara Mkavu: Anavuta macho kivipi, ana mapembe? 😂 Kirumba nina miaka 12, watu wa hapa hawageuzi shingo bure labda samaki ameshuka bei.

Mama Zawadi: Mwanangu vikoba hivi, mdogo wangu wa tumbo moja alikopa laki 4 anaenda Ukerewe kuchukua machungwa ya biashara, mpaka leo akiniona anakatisha uchochoro, na msiba wa mama tulikaa mikeka tofauti. Ila hebu sema, huyo ni kaka au dada? Mbona unazunguka?

Kijana wa Igoma: Tunamwita dada. Kwao walimpa jina la kiume. Ni transi, yaani alizaliwa akaitwa mwanaume ila ni mwanamke. Na sisi 8 tuliobaki ni makuchu, wapenzi wa jinsia moja, basi nimesema. Ila sisi ukipishana nasi barabarani hujui kitu, yeye ni gauni, kucha, sauti. Hatumchukii jamani, ni usalama tu.

Mtumishi: Tubuni. Ziwa lipo hapo hapo, mkabatizwe.

Nyakato Juu: Mtumishi pumzika, hujaulizwa wewe. Dogo, nilikuwa Kampala kwenye mitumba, nikuambie kitu. Mwaka 2005 mwenyekiti wa mtaa, kama huyo wako, alivamia nyumba ya Victor Mukasa, mtetezi wa haki za makuchu, akabeba nyaraka bila hati yoyote, mgeni wake akakamatwa na kudhalilishwa polisi. Mukasa ni mwanaume transi, yaani yeye alizaliwa akaitwa mwanamke. Wakashtaki, na Desemba 2008 Mahakama Kuu ikawapa ushindi, ile hukumu ikawa ya makuchu wote mpaka hao wa kupishana nao bila kujua. Na hicho mnachotaka kufanya kilishafanyika New York 1973, Sylvia Rivera, transi kama huyo dada yenu, kapanda jukwaani kwenye sherehe ya makuchu wenyewe kuwasemea wenzao waliofungwa jela, wakamzomea. Huyo huyo na Marsha P. Johnson mwaka 1970 walianzisha kikundi cha STAR, wakawa wanawatafutia pa kulala vijana waliofukuzwa makwao. Watu walikuwa wanawaonea aibu gauni lao, ila vijana kwao walilala.

Kijana wa Igoma: Mkuu hiyo ni Kampala na New York. Huku kuna kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, jela miaka 30 mpaka maisha, nani atanitetea? Halafu grupu la WhatsApp nimeshamtoa tangu Jumapili.

Mama Zawadi: Umeshamtoa halafu unatuuliza utamtoaje?? Kikoba alianzisha nani?

Kijana wa Igoma: Yeye. 2023 baba alinifukuza Sengerema nikavuka na kivuko nina begi moja, nikakaa kwake miezi 5. Ila hilo ni lingine.

Sangara Mkavu: Kivuko? 😂 Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025 watu wanapita na bodaboda, wewe uko na kivuko. Na akaunti ni ya jana. Hii chai wakuu, tena ya rangi.

Mtumishi: Nilijua. Katumwa na wafadhili.

Kijana wa Igoma: Nimeandika 2023 soma vizuri, daraja lilikuwa linajengwa. Akaunti ya zamani wa kazini wanaijua.

Sangara Mkavu: Chai ina majibu 😂 Kivuko kilikuwa kinaitwaje?

Kijana wa Igoma: MV Mwanza. Ilikuwa usiku, sikutoka kwenye kiti.

Nyakato Juu: Mnahesabu vivuko. Iwe chai isiwe, Nyegezi yupo mtu kama huyo.

Dagaa Mbichi: Narudia swali langu la mwanzo. Hisa zake.

Kijana wa Igoma: 62. Ziko kwenye simu yangu. Kapiga mara tatu leo, nilikuwa nangoja nijue kwanza namwambiaje.